Ndizi za Mama Mkwe Katika Nyumba ya Mapeasi

Shauri hili liligharimu mzigo mzima wa mapeasi, kazi ya mtu mmoja na jina jema la mwingine. Nimejumlisha mara mbili, maana ndiyo tabia yangu, na hesabu haipungui. Aliyepoteza kazi tumemzika juma lililopita, juu kidogo ya Sotik, nami nimerudi kutoka matangani nikiona haya kuwatazama watu machoni.

Mlionunua matunda kwangu mmekula kazi ya mikono yake. Alikuwa mtu wa Kisii, mtunza nyumba baridi katika shamba la mzungu mmoja: kibanda cha kuta mbili za waya, katikati makaa, na maji yakidondokea makaa mchana kutwa ili upepo upite humo na kuingia ndani ukiwa baridi. Peasi alilichuma likiwa gumu kama jiwe, akalilaza juu ya nyasi kavu bila kugusana na jingine, likakaa majuma mengi bila kulegea. Nilipojaribu kumshusha bei kwa kusema ni mabichi, alinijibu, "Yamelala tu. Wewe nunua, ukayaamshe kwako." Nililipa bei yake, jambo ambalo wachuuzi wa Litein hawataliamini.

Mwaka mmoja, Pasaka ikikaribia, mkewe alijifungua. Mama mkwe akaja kutoka Kisii na mkungu wa ndizi mbivu, akaona zawadi kama hiyo iwekwe pale mkwe wake anapoweka vitu vya maana. Nilipokwenda kutafuta mzigo nilimkuta jamaa amesimama nje, mvua inamnyeshea.

"Unalinda nini huku?"

"Mama yuko ndani. Amependa baridi, anasuka kikapu humo."

"Na hiyo harufu ya ndizi?"

"Ndiyo inayoniamshia mapeasi. Harufu ya mbivu huivisha mabichi."

"Si umwambie azitoe!"

"Una wazimu? Nimwambie mama mkwe zawadi yake inaharibu? Kwetu mtu na mama mkwe wake hata mlango mmoja hawapiti." Akashusha sauti. "Na wewe usithubutu. Apa."

Nikaapa, huku nacheka. Mama alipoondoka, mapeasi kwa nje yalikuwa mazima. Yakapakiwa kama mzigo wangu kwenye mkokoteni wa ng'ombe, na yalipofunguliwa Kericho yalikuwa uji. Mzungu hakutaka maelezo, akamfukuza mtunzaji. Watu wa sokoni walitaka maelezo, wakamtwika lawama mwendesha mkokoteni, Mkipsigis mmoja mpole: eti aliwakimbiza ng'ombe kwenye mawe. Tangu hapo hapewi mzigo wowote unaopondeka.

Kazi hizi mpya zimetujia na masharti yake, ya waya, makaa na harufu. Sisi tumeziendea na masharti yetu, na hakuna aliyetwambia lipi limpishe mwenzake yakikutana mlangoni. Rafiki yangu alichagua. Heshima ile aliilipa kwa kazi yake mwenyewe, na hiyo ilikuwa haki yake. Lakini salio tulimtoza mtu ambaye hakuwa mkwe wa yeyote.

Kaburini mwendesha mkokoteni alikuja na jembe lake kusaidia kufukia. Mama mkwe, sasa bibi kizee, akamzuia mbele ya watu wote. "Weka jembe chini. Wewe ndiye uliyemnyang'anya mwanangu kazi."

Yule bwana alinigeukia mimi. "Wewe ulikuwa mnunuzi. Sema basi, ng'ombe wangu walikimbia?"

Nikatazama viatu vyangu. Akalaza jembe kwenye nyasi, akaenda zake bila kutupa hata konzi moja ya udongo.

Aliyeniapisha hawezi tena kunifungua. Nikisema, mama atalala akijua kwamba ni ndizi zake zilizomnyang'anya mkwe wake kazi. Nikinyamaza, mtu asiye na kosa ataendelea kufukuzwa makaburini, na safari hii ni kwa kinywa changu kilichofungwa. Mliozaliwa Kisii, mnaojua adabu ya ukwe kuliko mimi mtu wa ziwani, niambieni: neno kama hili hupelekwa kwa mama mzee na nani, na huanza vipi?