Mama Mwenye Nyumba na Mkorogo Wake

Nilitoka Kigoma kwa treni, nikakaa Dodoma, nikakaa Morogoro, nikachoka kote, mwisho nikavuka kwa boti hadi Unguja. Nikapata kazi ya kupara samaki Darajani na chumba Mkunazini, kwa mama mmoja aliyeuza vipodozi. Tangazo la biashara yake lilikuwa uso wake mwenyewe, uliong'aa kwa mkorogo, krimu za kujichubua alizozichanganya kwa mkono wake. Kila harusi walimsifu.

Binti yake alipopata mimba ya kwanza, kichefuchefu kikamshinda, akarudi mapema kwa mama yake. Wakawa wanalala kitanda kimoja.

Kliniki, muuguzi aliwaeleza kwamba krimu kama zile mara nyingi zina zebaki. Hupita kwenye mikono na foronya hadi kwa mjamzito, ikaweza kudhuru ubongo wa mtoto tumboni. Binti ale dagaa na mayai, vina seleniamu, madini yanayousaidia mwili kujikinga. Papa aache, samaki wakubwa nao hubeba zebaki.

"Nikamuuliza," mama alinisimulia jioni ile, "basi nkimjaza hayo madini, mie si ntaendelea kupaka?"

"Akasemaje?"

"Kanitazama kama mwehu. Ati yanasaidia, hayafuti."

Alicheka peke yake. Kisha akafunga makopo yote, ya kupaka na ya kuuza, akayatoa nyumbani. Kesho yake akanunua mto mpya na shuka mpya.

Bila mkorogo ngozi ikamgeuka, madoa yakamjaa mashavuni. Binti alirudi na kisa cha harusi ya Bububu, jirani alivyomwambia mama yake mbele za watu, "Shoga, siku hizi umekuwa chui?"

"Chui ana mtoto wa kulinda. Usinisogelee," mama akajibu, akaendelea na biriani yake.

Lakini nyumbani nilimwona akipita kwenye kioo kainamisha kichwa. Nimetembea sana, na sijamheshimu mtu kama nilivyomheshimu siku ile.

Mimi nilileta dagaa.

"Leo tena?" binti alinung'unika. "Mie nataka papa wa nazi!"

"Papa kahamia Pemba," mama alimjibu.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike. Chumba changu kikahitajika kwa jamaa waliokuja kumhudumia mzazi, na mimi sikuwa mtu wa kukaa. Asubuhi niliyoondoka moja kwa moja, nilimkuta mama ukumbini, kamlaza mjukuu shavuni, ngozi kwa ngozi. Nikafungua mdomo kuaga.

"Sss! Nenda salama, mwana wa bara. Usiniamshie."