Mama Shimo wa Kona ya Mashine

Mungu wa kona yetu nilimtengeneza mimi.

Nilimtengeneza siku ya Jumanne, saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, kwa fimbo ya mwanzi na kipande cha kitambaa chekundu, na nilikuwa nimechelewa kazini. Siku ya arobaini na moja nikamng'oa kwa mikono hii hii.

Kilichofuata ndicho kinachonifanya niandike.

Naitwa Trilochan Ojha. Ni msahihishaji wa prufu katika kiwanda cha uchapaji, na kwa miaka kumi na tisa nimekwenda kazini kwa baiskeli, kilomita saba kwenda na saba kurudi. Sifungi uzi wa kinga mkononi, sisomewi nyota, na paka akinikatizia njia ninachokagua ni breki.

Katika mji wetu mwenye gari ni mtu, mwenye pikipiki ni nusu mtu, na mwenye baiskeli ni shimo ambalo kwa bahati mbaya linatembea. Gari hukupigia honi uhame; ukihama, unahamia mtaroni. Bajaji ya umeme husimama ghafla mbele yako kwa ajili ya abiria aliyenyanyua kidole ng'ambo ya barabara. Mlango wa gari lililoegeshwa hufunguka bila salamu.

Hayo tumeyazoea. Kisichozoeleka ni kile kisichoonekana.

Mwanzoni mwa mwezi wa Julai mtu aliiba mfuniko wa chuma wa chemba ya maji machafu pale kona ya Rampokhar, mbele ya mashine ya kusaga ngano. Chuma chakavu kina soko. Mvua ikinyesha, maji ya kona ile hupanda hadi katikati ya gurudumu, meusi, na kilichomo chini yake hakijulikani.

Wa kwanza kutumbukia alikuwa Girdhari, anayejalidi vitabu kiwandani kwetu. Nilikuwa nyuma yake hatua ishirini. Alikuwepo, kisha hakuwepo. Tulimvuta akiwa amevunjika mtulinga.

Kesho yake nilikuja na debe tupu la mafuta ya haradali. Nikalijaza kokoto, nikasimika mwanzi katikati, nikafunga kitambaa juu, nikaliweka ukingoni mwa shimo.

Kitambaa kilikuwa chekundu kwa sababu ndicho kilichobaki kwenye meza ya kujalidia. Ningepata cha kijani, nisingekuwa na kisa. Lakini kwetu nyekundu ni rangi ya ibada, na mwanzi wenye kitambaa chekundu kando ya barabara haubaki mwanzi kwa muda mrefu.

Siku ya tatu nilikuta shada la maua ya rangi ya machungwa.

Siku ya sita, unga mwekundu umepakwa kwenye debe, na kijiti cha udi kinafuka.

Siku ya kumi, alikuwa na jina.

"Kaka Ojha, umempita Mama bila kumsalimu."

Aliyesema hivyo ni Phulwanti. Hupika katika nyumba nne za mtaa wetu na hupita kona ile mara nne kwa siku, juu ya baiskeli ya kiume iliyokuwa ya marehemu mumewe, pindo la sari limechomekwa kiunoni ili lisiliwe na mnyororo.

"Mama yupi?" nikauliza.

"Mama Shimo. Tangu aje hajaanguka mtu."

"Hajaanguka mtu kwa sababu kuna fimbo, dada Phulwanti."

"Si ndicho nilichosema?"

Baldev, mwenye mashine, alikuwa ameketi juu ya mizani yake ya magunia. "Mwache huyo," akasema. "Msomi hasalimii kitu kabla hajakisahihisha."

Kisha nikaona jambo lililonikera zaidi ya maua: malori yalianza kupunguza mwendo. Dereva alifika pale, akakanyaga breki, akagusa paji la uso, akalizunguka debe kwa adabu. Kwa miaka kumi na tisa nimepiga kengele, nimenyoosha mkono, nimepaza sauti, na hakuna lori lililowahi kunipunguzia hata robo. Nililionea wivu debe la mafuta.

Wakati huohuo nilikuwa nikiandika. Barua tatu kwa ofisi inayohusika, kila moja na namba ya lalamiko.

Baada ya barua ya pili walikuja vibarua wawili na mfuniko mpya kwenye mkokoteni. Wakaliona shada. Wakavua ndala, wakainamisha vichwa, wakageuza mkokoteni.

"Mnakwenda wapi na mfuniko?" nikawauliza.

"Mzee, sisi tuna watoto. Mwambie bosi aje amfunike Mama yeye mwenyewe."

Hapo ndipo hoja yangu ilipokamilika. Shimo halifungwi kwa sababu lina mungu, na mungu yupo kwa sababu shimo halifungwi. Mmoja wao alipaswa kuondoka, na mimi nilikuwa na uwezo juu ya mmoja tu.

Siku ya arobaini nilipokea jibu. Karatasi nzuri, chapa safi, saini, muhuri wa zambarau. Lalamiko lako limeshughulikiwa. Mfuniko umewekwa. Kizuizi chochote kilichosalia barabarani kiondolewe. Chini yake palikuwa na picha ya mfuniko mpya, na ncha ya kiatu cha mkaguzi pembeni.

Nikafurahi kwa kiasi changu. Waliokuja safari hii, nikajiambia, hawakuwa na watoto.

Ilikuwa siku ya tisa ya mvua mfululizo. Saa kumi na mbili alfajiri nikafika kona ya Rampokhar, nikaingia majini hadi magotini, nikang'oa mwanzi, nikalikokota debe hadi ukutani.

Baldev alikuwa anafungua mlango wa mashine. "Bwana Ojha. Unafanya nini?"

"Naondoa kizuizi. Shimo limefunikwa."

"Umeliona?"

"Nina barua."

"Ongea na Phulwanti kwanza, ndugu yangu. Mimi sitaki kesi."

"Nitaongea naye jioni."

Mtu mwingine angechomeka fimbo majini kwanza, apime. Fimbo nilikuwa nayo mkononi. Lakini nilikuwa na barua pia.

Kiwandani nilimwonyesha Girdhari, ambaye bado alikuwa anafanya kazi kwa mkono mmoja. Niliona ana haki ya kuona haki yake. Aliitazama ile karatasi kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

"Barua ya lini?"

"Juzi. Wanasema mfuniko umewekwa siku hiyohiyo."

"Na picha?"

"Ya kazi iliyofanyika, Girdhari. Unaona mfuniko."

"Naona mfuniko, kaka. Naona na vumbi. Kiatu kina kivuli." Akainua macho kwenye dirisha lililokuwa linachuruzika maji. "Wewe jua mara ya mwisho umeliona lini?"

Mimi ndiye ninayelipwa kuona makosa.

Ilikuwa saa nne kasoro dakika ishirini na nne. Kwa desturi Phulwanti hutoka nyumba yake ya pili saa nne kasoro robo, na saa nne haijafika huwa keshapita kona, kwa mara ya kwanza siku hiyo. Huendesha kwa kasi anapojua njia. Na njia ile aliijua: alijua kwamba hatari iko pale penye fimbo, na pasipo na fimbo ni salama.

Hilo nilikuwa nimemfundisha mimi.

Simu yake hukaa kwa binti yake. Nikampigia Baldev. Ikaita hadi ikakatika. Nikapiga tena. Mashine ikisaga, hata radi haisikiki mle ndani.

Nikachukua baiskeli.

Sitasema niliruka kama mshale. Nilikuwa na miaka hamsini na miwili, cheni kavu na mvua usoni. Barabara ya sokoni ilikuwa imejaa bajaji, na kila moja ilikuwa na abiria wa kushusha mahali ambapo nilitaka kupita.

"We mzee, unawahi mazishi yako?" dereva mmoja akaniuliza.

Nikapenya kati ya bajaji yake na ukuta.

Kwenye kivuko cha reli geti lilikuwa limefungwa. Nikailaza baiskeli ubavu, nikaipenyeza chini ya mti wa geti, nikapenya nyuma yake. Mlinzi akanitukania mama na bibi. Treni ya mizigo ilikuwa imeshaonekana, na honi yake niliisikia kifuani kabla ya masikioni. Kwa miaka yote nimewaita wanaofanya hivyo wapumbavu, na sijabadili maoni.

Mbele ya duka la dawa mlango wa gari ukafunguka. Nilibana breki ya nyuma kwa nguvu zangu zote, waya ukakatika. Nikaupangusa mlango ule kwa vifundo vya mkono wa kushoto. Mwenye gari akashuka, akaangalia rangi ya gari lake.

Nilibakiwa na breki ya mbele, na rimu iliyolowa.

Nilipokata kona ya Rampokhar, kona ilikuwa ziwa. Upande wa pili, kama hatua thelathini, Phulwanti alikuwa anakuja, mwavuli umefungwa kwenye keria, kichwa kimeinama dhidi ya mvua. Kati yetu palikuwa na maji matupu. Hapakuwa na fimbo, wala kitambaa, wala ua. Mashine ilikuwa inanguruma.

Nikapiga kengele. Nikapaza sauti, "Simama!"

Akainua macho, akaniona, akanyanyua mkono kunisalimu. Hakupunguza. Kwa nini apunguze?

Nilipiga hesabu moja tu: kwamba kutoka pale nilipokuwa, mimi nilikuwa karibu na shimo kuliko yeye. Nikaiachia breki niliyobaki nayo.

Gurudumu la mbele likazama kana kwamba mtu amelivuta kutoka chini. Nilipita juu ya usukani, nikaingia majini kichwa mbele, na baiskeli ikanifuata. Ndiyo iliyoniokoa. Fremu ilikwama mdomoni mwa shimo, nami nikawa nimening'inia ndani, maji shingoni, mkono mmoja umeshika pedeli. Maji ya chini yalikuwa yananivuta miguu kwa utulivu, bila haraka, kama mtu mwenye uhakika na kazi yake.

Nikahisi kola ya shati imekamatwa.

"Tulia," akasema Phulwanti, sauti ya mtu anayemshika kuku. "Usipige mateke. Baldev! Zima hiyo mashine! Lete kamba ya magunia!"

Walinitoa. Baiskeli haikutoka.

Waliniketisha kizingitini kwa Baldev, magunia mawili mabegani. Phulwanti alikuwa anakamua pindo la sari.

"Nani amemwondoa Mama?" akauliza.

Baldev akagundua kwamba mizani yake inahitaji kufutwa.

"Mimi," nikasema.

"Kwa nini?"

"Nilikuwa na barua." Nikaitoa mfukoni. Ilikuwa imekuwa uji.

Nikaona kwamba kama kuna wakati wa kusema ukweli, ndio huo.

"Dada Phulwanti, hakukuwa na Mama yeyote. Ilikuwa ni fimbo. Niliiweka mimi, na kitambaa nilikitoa kazini."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Nilikuwa nyuma yako Jumanne ile. Nilikuona unafunga fundo. Fundo lenyewe bovu, nililifunga upya."

"Na maua?"

"Ya kwanza unadhani aliweka nani?"

Nikamtazama. Alikuwa ananitazama kwa subira, kama anavyotazama wali ambao haujaiva.

"Kaka Ojha, hapa wezi wamebeba mfuniko wa chuma ambao watu wawili hawaunyanyui. Fimbo yako ya mwanzi ingelala hapo usiku mmoja? Ingechemshia mtu chai. Lakini fimbo yenye ua mwizi haigusi. Dereva wa lori haigusi. Mlevi mwenyewe anaizunguka." Akakamua tena pindo. "Haguswi na mtu. Isipokuwa msomi."

"Kwa hiyo wewe huamini?"

"Mama wa kweli yuko hekaluni, na Jumamosi nitakwenda kumwomba radhi kwa kutumia jina lake. Hapa barabarani nilitaka mlinzi."

Usiku ule sikulala vizuri, na si kwa sababu ya vifundo vilivyochubuka.

Asubuhi nilirudi na kamba na watu wawili kuchukua baiskeli yangu. Ilikuwa imesimama vilevile, gurudumu la mbele shimoni, usukani juu ya maji, gurudumu la nyuma hewani. Kwenye spoki palikuwa na mashada matatu. Kengele ilikuwa imepakwa unga mwekundu. Lori la saruji lilikuja, likapunguza mwendo, na dereva akagusa paji la uso wake.

Niliwarudisha wale watu wawili na kamba yao.

Sasa naendesha baiskeli ya Girdhari. Nimeandika barua ya nne, na safari hii nimeomba waje na mfuniko pamoja na kuhani wa hekalu. Jibu lililokuja linasema lalamiko limefungwa. Picha ni ileile.

Kila asubuhi nasimama pale kabla ya kupita. Nachomeka mwanzi majini, napima. Natikisa fremu kuona kama bado imekaza. Baldev anawaambia wateja kwamba nimeongoka. Siku za Jumanne ni zamu yangu ya maua, na huleta mabichi, kwa kuwa maua makavu hayamtishi mwizi.

Nimekuwa nikijiita mwenye shaka maisha yangu yote, na nilikuwa na breki moja tu. Niliibana mbele ya fimbo na maua, nikaiachia mbele ya karatasi na muhuri. Kila mwendesha baiskeli anajua mtu wa breki moja huishia wapi. Mimi ilibidi nionyeshwe na mpishi.

Ukipita Rampokhar, utaiona, kengele juu ya maji. Huna haja ya kuamini chochote. Pita kulia kwake, na usiiguse.