Sehemu Nane kwa Siku Moja

Nimemfahamu Dunstan miaka tisa, na katika miaka hiyo yote sijawahi kumwona amechelewa mahali. Anakaa ghorofa moja chini yangu hapa Laurel, karibu na Washington, na kazi yake ni kupanga njia za mabasi ya shule. Anajua basi gani linapita kona gani saa moja na dakika kumi na saba asubuhi, na likipita na dakika ishirini, siku yake imeharibika. Mimi ni dereva wa teksi, mtu wa Mombasa, na kwangu saa ni kitu cha kubishana na abiria. Tunaelewana vizuri: yeye hupanga, mimi hulalamika.

Basi Oktoba ya mwaka 2006, mama yake alipokuwa amemtembelea kutoka Muheza, nilijua tu kwamba kutakuwa na ratiba. Mama alikuwa na wiki sita hapa, na zote sita Dunstan alikuwa kazini, maana shule zilikuwa zimefunguliwa na mabasi hayakumpa nafasi. Mama wa watu alikaa kwenye ile nyumba akipika, akikunja nguo ambazo zilishakunjwa, na akisalimia kila aliyepita ngazini. Mwishowe Dunstan akapewa likizo ya siku moja, Ijumaa. Jumamosi mama anapanda ndege.

Jumatano jioni akapanda kwangu na karatasi.

"Fahmi, nime-plan kila kitu. Sehemu nane. Tunaanza na Capitol, dakika thelathini na tano. Halafu Maktaba ya Bunge, arobaini. Mnara wa Washington tunauona kwa nje, hapo tuta-save muda. Wewe una-drop na kutu-pick, kwa hiyo parking si tatizo."

"Na choo je?"

"Nime-include. Dakika sita, mara tatu."

"Mamako ana miaka sabini na moja. Wampeleka matembezi ama wampeleka jeshini?"

Hakucheka. Nikaisoma ile karatasi kutoka juu hadi chini. Sanamu ya Lincoln, ukuta wa majina ya wanajeshi waliofia Vietnam, Ikulu, ule ukumbi wa maigizo alimopigiwa risasi Lincoln mwenyewe, kila kitu na dakika zake. Hata chakula cha mchana kilikuwa na dakika ishirini na tano.

"Na kuzungumza mtazungumza saa ngapi?" nikamuuliza.

"Kwenye gari," akasema, huku akiangalia zulia langu.

Hapo nikaielewa ratiba. Hakuwa anatafuta muda wa kutosha kuonyesha mji. Alikuwa anaujaza muda ili usibaki hata upenyo mdogo wa mama yake kumuuliza habari za mkanda. Na habari za mkanda nilizijua, kwa sababu mkanda wenyewe ulikuwa juu ya kabati langu.

Baba yake, Mwalimu Zefania, alifariki Februari ya 2003. Makaratasi ya Dunstan yalikuwa bado yako uhamiaji, na wakili alimwambia waziwazi kwamba akitoka, asitegemee kurudi. Hakwenda. Tulijaa nyumbani kwake siku tatu, Waislamu na Wakristo, Wakenya na Watanzania, tukala, tukaomba, tukaondoka. Mtoto wa kwanza hakumzika baba yake, na hakuna pole iliyoliondoa hilo.

Baada ya miezi miwili ukaja mkanda wa video wa mazishi, mkononi mwa msafiri, kama mikanda yote ya misiba inavyokuja. Tukautia kwenye deki yangu. Ikatokea mistari tu, myeupe na myeusi, na kwaya inaimba kwa sauti iliyopinda. Mikanda ya kwetu hurekodiwa kwa mfumo mwingine, deki za Marekani haziusomi, na ndugu walioko nyumbani hawana habari hiyo. Nikamwambia, Wambura wa ubalozini, anayekaa Fairfax, ana deki inayosoma mikanda ya kila nchi, twende. Akasema tutaenda. Hatukwenda.

Kisha mama akapiga simu. "Mkanda umefika? Umeuona?" Dunstan akaiziba simu kwa kiganja, akanitazama. Nami, kwa huruma ya kijinga, nikamnong'oneza, "Mwambie umeuona." Akamwambia. Kwa hiyo uongo ule nilimfundisha mimi, na kwa miaka mitatu kila nilipofungua kabati ulinitazama. Mama hakuutaja tena mkanda. Dunstan akaamua kwamba amenuna. "Hajanilaumu hata mara moja," aliniambia siku moja. "Bora angenitukana."

Ijumaa tukatoka saa moja na nusu asubuhi kama ilivyoandikwa. Mama Dunstan alivaa koti la mwanawe juu ya gauni la kitenge, na mapajani alipakata kikapu chenye hotpoti mbili.

"Mama, chakula tutanunua huko," Dunstan akasema.

"Nunua chako. Mimi na dereva tuna chapati."

Ratiba ilianza kufa pale pale Capitol, kwenye jengo la Bunge. Dunstan alikuwa ameweka dakika za kila kitu, ila hakuweka za kusalimiana. Mama alimsimamisha polisi wa mlangoni akamuuliza hali yake, akauliza wa nyumbani kwake, akauliza kama mama yake mzazi yu hai, na Dunstan akalazimika kutafsiri yote hayo huku jasho linamtoka kwenye baridi. Polisi naye, mtu mzima mweusi mwenye mvi, akafurahi, akaanza kueleza habari za magoti ya mama yake. Kwenye Maktaba ya Bunge, nilivyosimuliwa, ilikuwa ni wafagiaji. Mama hakukubali kumpita mtu mwenye ufagio bila kumpa pole ya kazi. Kufika kwa Lincoln tulikuwa tumechelewa dakika hamsini, na mimi nilikuwa nafurahi moyoni mwangu, nakiri.

Mama akakataa kula bila dereva. Nikaenda kuiacha teksi mbali kule mtoni, nikarudi kwa miguu nikilaani, nikawakuta wameketi kwenye ngazi na hotpoti zimefunguliwa, watalii wanawapitia pembeni. Tukala chapati na maharage. Mama aligeuka kumtazama Lincoln kwenye kiti chake.

"Amechoka huyu," akasema.

Dunstan akaanza kumsomea urefu wa sanamu. Mama akamsikiliza kwa adabu mpaka akamaliza.

Kutoka pale hadi ukuta wa majina ni hatua chache, na ratiba iliupa dakika kumi. Ni ukuta wa mawe meusi yanayong'aa, mfupi mwanzoni, kisha unapanda kadiri njia inavyoshuka, na mawe yote yamejaa majina. Mama alipunguza mwendo. Mbele yetu mzee mmoja Mzungu alikuwa ameweka karatasi juu ya jina na kulisugua kwa penseli, pole pole, mpaka likatokea.

"Yule anafanya nini?"

"Anachukua jina la mtu wake, Mama. Ukuta huu una majina zaidi ya elfu hamsini na nane. Ulijengwa mwaka..."

"Dunstan." Mama aliweka kiganja chake juu ya jiwe. "Kwenye mkanda, walipoita jina lako pale kaburini, ulimwona aliyekuitikia?"

Dunstan akaitazama karatasi yake, kana kwamba jibu limeandikwa humo.

"Nilimwona, Mama."

"Nani?"

"Mjomba Silvanus."

Mama akaondoa mkono kwenye jiwe. "Mjomba wako Silvanus siku ile alikuwa amelazwa Tanga."

Nilitamani nirudi kwenye teksi. Lakini miaka mitatu ilikuwa imetosha.

"Mama, kosa ni langu," nikasema. "Mimi ndiye niliyemwambia aseme ameuona."

"Si lake," Dunstan akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Sikuuona, Mama. Kwanza deki ilikataa. Halafu nikashukuru kwamba imekataa. Niliogopa kuwaona ninyi mnazika na mimi sipo."

Nilingoja mama apandishe sauti. Hakupandisha. Aliyageukia majina, na aliposema alikuwa kama anajisemea.

"Wiki sita nimekaa nyumbani kwako nangoja uniambie neno. Miaka mitatu nyuma ya hapo. Wazee walininong'ona siku ile, wakasema nimevunja taratibu. Nikasema, wacha wanong'one, mwanangu akiona ataelewa. Ukakaa kimya. Nikajua nawe umeona nimekuaibisha."

"Ulifanya nini, Mama?"

"Mimi sisimulii. Mkanda uko wapi?"

"Kwangu," nikasema. "Juu ya kabati."

Dunstan akaikunja ratiba, kisha akaikunjua tena. Mazoea ni kitu kigumu. "Zimebaki sehemu tatu, Mama. Hujaiona Ikulu."

"Ikulu itakuwepo," mama akasema, na akaanza kupandisha njia.

Nilimpigia Wambura simu, akasema yuko nyumbani, tuje. Tukarudi Laurel kuchukua mkanda, kisha tukaanza kuzunguka jiji lote kwenda Fairfax, Ijumaa mchana, na yeyote aliyewahi kushika usukani hapa anajua hiyo maana yake ni nini. Magari yalisimama. Nikatukana kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, kisha nikakumbuka ninaye mama wa mtu, nikamwomba radhi. Kwenye kioo nilimwona Dunstan ameketi nyuma, mkanda mapajani, na mama amelala begani kwake. Saa yake ya mkononi hakuiangalia hata mara moja.

Wambura ni mwanamke asiyeuliza maswali. Alipoona mkanda na nyuso zetu akawasha deki, akatandika mkeka, akaenda jikoni.

Picha ilikuwa safi, hilo ndilo lililonishtua. Baada ya ile mistari yote nilishazoea kuamini kwamba ndani hamna kitu. Kumbe miaka yote watu walikuwemo: kanisa, kwaya yenye sauti iliyonyooka, jeneza, wanaume wanapokezana. Dunstan alitaja majina yao kimoyomoyo, midomo ikienda. Kisha kaburini. Msema chochote, mwenye karatasi na kipaza sauti, alikuwa anaita watu kwa zamu watie udongo. Akaanza na mke. Mama Dunstan, mwenye kanga kichwani, akashikwa huku na huku na wanawake wawili, akatia udongo wake, akarudishwa kwenye kiti cha plastiki.

"Mtoto wa kwanza," msema chochote akaita, "Dunstan."

Hakuna aliyesogea. Kamera ikahangaika, ikamtafuta mtu ambaye hayupo. Msema chochote akafunua mdomo kumwita wa pili.

Mama akasimama. Wale wanawake walidhani amezidiwa, wakamshika, akawaondoa mikono. Akarudi mpaka ukingoni, akainama kwa taabu, akashika udongo mara ya pili. Wazee waliokuwa nyuma wakatazamana, na hata padri aligeuka.

"Yupo," mama akasema, kwa sauti iliyosikika kwenye mkanda bila kipaza sauti, na akautia.

 Sebuleni kwa Wambura, Dunstan, mtu mzima wa miaka arobaini na minne, akateremka kutoka kwenye kochi, akakaa mkekani miguuni pa mama yake, akalia kwa sauti. Mimi nami nililia, na sioni haya kulisema.

"Rudisha nyuma, Fahmi," akasema baadaye.

Nikarudisha. Tukaangalia tena, kisha tena. Mama alikuwa ameweka mkono juu ya kichwa chake na alikuwa anatazama, si kioo, bali upara wa mwanawe ulioanza. Mara ya nne, msema chochote alipoita mtoto wa kwanza, kabla mama wa kwenye mkanda hajainuka kitini, Dunstan akajibu pale chini.

"Nipo."

Mama akampapasa kichwa mara moja, mara ya pili.

"Basi," akasema. "Sasa zima. Twende nyumbani nikafunge mizigo."