Cherehani Isiyo na Mkanda

Hapa Mshangano ninajulikana kwa mambo mawili: nashona vizuri, na sitoki. Ukitaka suruali, njoo. Ukinialika harusi, niwekee tu chakula kwenye hotpoti, mtu atanipitishia. Cherehani yangu ipo barazani, kitanda kipo hatua sita nyuma yake, na katikati kuna jiko la mkaa. Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, ndiye aliyenilea tangu nikiwa darasa la pili, na nyumba yake inatazamana na yangu. Huwa anawaambia wageni kwamba nilimaliza kidato cha nne kwa daraja la nne, lakini kwa kukaa nyumbani nina daraja la kwanza.

Kwa hiyo siku nilipopata ujumbe unaosema "Pata kipato bila kutoka nyumbani kwako", nilihisi kuna mtu amenichungulia dirishani kabla ya kuniandikia.

Jinsi nilivyoupata huo ujumbe nayo ni aibu. Kwa miezi kadhaa salio la simu yangu lilikuwa linamegwa. Naweka vocha jioni, asubuhi kabla hata sijampigia mtu naikuta imepungua. Nilidhani ni mtandao, nikadhani ni simu imezeeka, mwisho nikaanza kumdhania mtani wangu. Huyu ni mama wa Kiyao kutoka Tunduru, anauza korosho, anaishi upande wa pili wa uzio, na huwa anaazima simu yangu yake ikiisha chaji. Nilipomgusia, aliipokonya simu na kuanza kusoma ujumbe mmoja mmoja.

"Mngoni wewe, ulijiunga na hizi Dondoo za Mafanikio?"

"Waliandika ni bure."

"Bure siku tatu. Ulisoma hapa chini?"

Hapo chini kulikuwa na maandishi madogo kama mayai ya chawa, yakieleza kwamba baada ya siku tatu mteja atakatwa kila siku mpaka atakapojiondoa. Mimi wa kidato cha nne sikuyaona. Aliyeyaona ni yeye wa darasa la saba, tena bila miwani. Akanielekeza neno la kutuma ili nijitoe.

"Tuma sasa hivi."

"Natuma."

Sikutuma. Nilisema moyoni, kwa kuwa leo nimeshakatwa, basi angalau nisome dondoo ya leo. Na dondoo ya leo ndiyo hiyo ya kipato bila kutoka nyumbani.

Kazi yenyewe ilikuwa kutazama video fupi za viatu, sufuria na mafuta ya nywele, na kubonyeza moyo. Kila moyo una malipo. Nilibonyeza wiki nzima, mguu mmoja kwenye kanyagio la cherehani, dole gumba kwenye simu, na mwisho wa wiki nikaomba kutoa. Hela ikaingia. Kidogo, lakini iliingia kweli, na simu ikalia.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu kubwa, na sisi watu wa jumuiya tunalijua vizuri: nilitoa shukrani hadharani. Kila Jumamosi asubuhi majirani Wakatoliki wa mtaa wetu hukutana nyumba kwa nyumba, tunasoma Injili ya Jumapili, tunaombea wagonjwa, tunachanga, kisha mwenyekiti anauliza kama kuna mengineyo. Mimi ambaye kwa miaka sijawahi kuwa na mengineyo nilisimama na kilo mbili za sukari, nikatangaza kwamba Mungu amenifungulia mlango kupitia simu. Wakapiga makofi. Shangazi alinitazama kama alivyonitazama siku nilipopata komunyo ya kwanza.

Baada ya hapo nikaambiwa nikiweka hela yangu nitapanda daraja, na kila moyo utalipa zaidi. Nilikuwa nimejiwekea akiba ya kununua mashine ya ovaloki, maana pindo nilikuwa nashona kwa mkono kama bibi. Nikaiingiza yote. Tarakimu za kwenye pochi, yaani akaunti yangu ya humo, zikapanda vizuri sana, zilikuwa tamu kuzitazama. Nilipotaka kutoa, pakawa na ada ya kufungua pochi. Nikalipa. Pakawa na kodi. Nikalipa. Halafu ukaja ujumbe wa mwisho: ingiza watu wawili chini yako, pochi itafunguka yenyewe.

Nilimwambia shangazi kwa kulalamika tu, tukiwa tunakula ugali na majani ya maboga kwake, maana huko ndiko ninakokula. Akaacha kutafuna.

"Watu wawili tu?"

"Wawili."

"Basi mmoja si mimi hapa?"

Alikuwa na hela ya mbolea. Alikuwa ameitunza tangu alipouza mahindi, ameifunga kwenye kitambaa cha kilemba chake cha zamani, na shamba lake nyuma ya nyumba yangu lilikuwa tayari, matuta yamenyooka yakisubiri mvua. Hesabu yake ilikuwa kwamba ataingiza hela, izae wiki mbili, atanunua mbolea na bati mbili za jikoni. Tukakubaliana Jumamosi, jumuiya ikiwa kwangu, watu wakishaondoka nimwonyeshe namna ya kujiunga.

Hiyo ilikuwa Jumapili. Jumanne ndipo nilipoiona cherehani.

Waliojiunga tulikuwa kwenye kundi moja la WhatsApp, na kiongozi tulimwita Mwalimu. Kila siku kulikuwa na mtu anashukuru kwa picha. Jumanne akashukuru mama mmoja wa Mbeya: miaka kumi anashona kwa tabu, sasa pochi imemnunulia cherehani mpya, na jana tu ameshona sare thelathini. Picha ilikuwa ya cherehani ya kukanyaga yenye ufa kwenye droo, imewekwa sebuleni karibu na maua ya plastiki. Mimi mtu akiniwekea picha ya cherehani siitazami kama picha, naitazama kama daktari. Nikaikuza. Haikuwa na mkanda. Gurudumu la chini lipo, la juu lipo, katikati hewa. Cherehani ya namna hiyo ni meza ya kuwekea redio. Hata soksi haizibi, achilia mbali sare thelathini.

Nikarudi nyuma kwenye picha za zamani, na nikaikuta tena. Maua yale yale, droo ile ile yenye ufa, ila safari hii mwenyewe alikuwa baba mmoja wa Tanga, anamshukuru Mwalimu kwa kumwinua.

Niliandika kwa adabu: "Samahani, hiyo cherehani inashonaje bila mkanda?"

Mwalimu akanifuata pembeni: "Ndugu, mawazo hasi yanafunga pochi."

Muda huo huo mwenzetu mmoja aliuliza mbona hajalipwa tangu mwezi uliopita. Akatolewa kwenye kundi kabla hatujamaliza kumsoma. Nikafuta swali langu. Nikaweka na alama ya mikono iliyofumbatana, kuomba radhi. Mtu mzima mimi.

Maana hela yangu ilikuwa ndani. Nikitolewa, ndiyo basi. Nikibaki, nabaki kwenye kundi ambalo najua ni la uongo, nawapigia makofi wanaonidanganya. Nilikuwa kama mtu aliyejifungia chooni ugenini, anaogopa kugonga mlango wasije wakamcheka.

Na kuna jambo ambalo sijapenda kuliandika, lakini bila hilo haya mengine hayana maana. Kuna sauti ndani yangu ilikuwa inasema: labda mkanda ulikuwa umetolewa kubadilishwa. Labda shangazi akiingia, pochi yangu itafunguka, halafu nitamrudishia yake haraka haraka kabla hajajua. Jumatano nilikula kwake nikanyamaza. Alhamisi nikala nikanyamaza.

"Mbona huongezi?" akaniuliza Alhamisi, mkono kwenye sufuria.

"Nimeshiba, shangazi."

"Tajiri ameshashiba," akasema, akacheka peke yake. Kisha akaanza kunieleza bati atazipiga upande gani, ule unaovuja juu ya mafiga.

"Na mvua ikiwahi?" nikajaribu. "Mbolea je?"

"Mbolea haina miguu, baba. Ipo dukani. Au wewe ndiye umeanza kuogopa?"

Angalia nafasi niliyopewa. Ningeweza kusema ndiyo. Nikasema hapana.

Ijumaa nilifunga dirisha mchana. Mimi ambaye kukaa ndani ndiyo starehe yangu, siku hiyo nyumba ilinibana hadi nikasikia harufu yake. Wateja waliita hodi, nikakaa kimya kitandani. Ila mtani habishi hodi. Aliingia na blauzi niliyomshonea asubuhi, akaitandaza kitandani mbele yangu.

"Mngoni, mimi nina mikono mingapi ya kushoto?"

Nilikuwa nimepachika mikono yote miwili ya upande mmoja.

"Umefiwa?" akauliza. "Dirisha limefungwa, kazi ndiyo hii. Nani amekufa?"

Nikamwambia yote. Sijui kwa nini yeye. Labda kwa sababu mtani haruhusiwi kukuonea huruma. Na hakunionea. Alicheka mpaka akakaa chini sakafuni, akapiga paja, akaniambia nirudie ile sehemu ya mawazo hasi. Nikairudia. Kisha akaacha kucheka ghafla.

"Na shangazi yako anaingia lini?"

"Kesho."

"Utamwambia saa ngapi?"

"Natafuta namna ya kumwambia."

"Namna gani tena? Mdomo si ule ule uliotangaza sukari?"

Akanyanyuka, akakung'uta kanga.

"Sikiliza. Mimi mtani wako, msiba wako ni kazi yangu. Usipomwambia kesho, nakuja kuzililia hela za yule mama kabla hazijafa. Nitagaagaa hapo barazani mbele ya Wakatoliki wako. Unanijua."

Namjua. Kwetu mtani akija msibani anaweza kulala njiani kuzuia jeneza mpaka apewe chochote, na hakuna wa kumwondoa.

Jumamosi jumuiya ikaja. Nilikuwa nimeazima viti, shangazi alikuwa ameleta ndoo ya togwa. "Tumsifu Yesu Kristo." "Milele amina." Tulipofungua Injili nilitazama nje, nikamwona mtani ameshakaa barazani kwenye kiti changu cha kushonea. Kanga amejifunga kichwani, kimsiba. Watu wakadhani anasubiri blauzi.

Tukasali. Tukachanga. Mwenyekiti akauliza mengineyo, na shangazi akasimama.

"Mimi ninalo dogo. Mnakumbuka mwanangu huyu alivyoshukuru hapa. Sasa leo na mimi mkongwe naingia humo humo kwenye simu, na nimeona si vizuri kula baraka peke yangu. Kama kuna mwenye—"

Kutoka barazani ikasikika sauti nyembamba, inaanza taratibu, kama mtu anayetafuta noti ya wimbo. "Yoooo..."

Nikasimama haraka mpaka kiti cha kuazima kikaanguka.

"Shangazi, usiingie. Ni wizi. Hela yangu ya ovaloki imekwenda yote, hairudi. Wananitaka nilete watu wawili ili wawale na hao."

Yoo ikakatika. Mwenyekiti, mzee mpole sana, alikohoa.

"Na ile sukari tuliyokunywa?"

"Ile ilikuwa hela ya kweli, mzee. Ndiyo pekee iliyotoka. Walinipa ili niwaambie ninyi."

"Nasi tukapiga makofi," akasema mama mmoja, na watu wakacheka. Kicheko kilinipa nafuu, nikacheka na mimi. Nikamtazama shangazi. Hakuwa anacheka.

"Ulijua lini?" akaniuliza.

Nilitamani aniulize kingine chochote.

"Jumanne."

Akahesabu kwa vidole, polepole, bila kuniondolea macho. Jumanne. Jumatano. Alhamisi. Ijumaa.

"Siku zote hizo ulikuwa unakula kwangu."

Akakaa. Mwenyekiti akafunga kwa sala, tukanywa togwa. Shangazi alibeba ndoo yake tupu akavuka kwenda kwake bila kuniaga. Mtani aliingia, akachukua simu yangu mezani, akatuma mwenyewe lile neno la kujiondoa kwenye Dondoo.

"Blauzi kesho," akasema. "Mkono wa kulia, kulia."

Jumatatu shangazi alinunua mbolea. Nilijua kwa sababu mfuko uliwekwa mlangoni kwangu, na juu yake kizibo cha soda, kipimo chetu cha siku zote. Nilipotoka alikuwa ameshika mbegu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Si unapenda kazi ya dole gumba? Twende."

Mvua ilikuwa imeanza usiku, udongo umelainika. Alichimba mashimo ya mistari miwili, kisha akaniweka mimi mbele na mbolea, yeye nyuma na mbegu. Kizibo kimoja kila shimo, udongo kidogo juu, shimo linalofuata. Mgongo wa mtu wa kukaa ndani ulianza kulalamika kabla ya mstari wa tatu. Kutoka upande wa uzio mtani alipaza sauti kuuliza kama kila shimo lina moyo wa kubonyeza. Nikachota kizibo kingine, na shangazi akadondosha mbegu.

Simu ikatikisika mfukoni. Ikatikisika tena. Bado ningeweza kuzima, lakini mikono ilikuwa na mbolea, na kusema kweli nilikuwa nataka kujua. Niliichungulia kwa vidole viwili.

"Inasema nini?" Ilikuwa sauti yake ya kwanza tangu tuanze.

"Inasema nimebakiza hatua moja tu pochi ifunguke."

Akainama, akagusa udongo nyuma yangu kwa ncha ya jembe.

"Rudi nyuma hatua mbili. Umeruka shimo."

Nikarudi.