Nilipamba flat yangu vintage, Mama akaondoka London akiamini nimefulia

Wakuu, salamu kutoka Tooting, ambako dirisha limeganda na mimi nimevaa soksi mbili mbili.

Hili halina chumvi. Ningetia chumvi, ningejipa sehemu nzuri zaidi.

Mimi ni nesi, mtoto wa Morogoro, mwaka wa kumi na moja huu hapa. Baada ya kushea jiko kwa miaka na watu wanaoandika majina kwenye maziwa, nikapata flat ya peke yangu. Sakafu mbao tupu, na winter ya hapa inaanzia miguuni.

Nikasema sasa nami niishi. Nikaanza kufuatilia wale wadada wa mtandaoni wanaopamba nyumba. Wote wana somo moja: baridi ikija tandika rugs za kikabila zenye michoro, weka fanicha vintage, washa taa za njano. Eti nyumba inapata roho.

Zulia nilinunua kwa mzee mmoja Mhindi mwenye duka hapa mtaani, mzaliwa wa Tanga, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Jekundu lililopauka, limefumwa na wafugaji wa Iran, lina vingamia na maumbo ya pembe pembe, na kona moja ina kiraka. Nikaomba punguzo kwa ajili ya kiraka. Mzee akanieleza kwa upole kuwa hicho kiraka ndicho kinachopandisha bei.

Nikalipa. Nikatoka pale najiona mtaalamu.

Nikaongeza viti viwili vya mbao vya miaka ya sitini, mito yake imebonyea, na kabati lenye droo inayogoma. Sofa yangu nyeusi ya leather, nzima kabisa, nikaigawa.

Januari Mama akaja, mara yake ya kwanza kupanda ndege. Mjue kwamba mtaani kwetu anaitwa Mama London. Wanawake wa kikundi chake wanajua hatua zangu zote.

Akaingia, akasimama na koti lake mwilini. Akaangalia zulia, akaangalia viti. Akauliza mwenye nyumba atakuja lini kuchukua vitu vyake. Nikamwambia Mama, hivi ni vyangu, nimenunua. Akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari.

Siku zilizofuata nikirudi shift nakuta kaligeuza zulia ili kiraka kiingie chini ya kabati. Viti kavifunika khanga. Akipiga video call na wenzake wa kikundi, anasimama jikoni, nyuma yake friji tu.

Mimi nacheka. Nikamwonyesha kwenye simu majumba ya matajiri yenye mazulia kama langu. Akatazama picha moja moja kwa huruma, akasema kumbe na hawa wana hali ngumu.

Mwezi wa pili akarudi Morogoro, na hapo ndipo nikaonja amani. Binamu aliyekuwa ananiomba laptop kila wiki, kimya. Shangazi wa kuomba ada za watoto, kimya. Mjomba, ambaye hajawahi kunipigia bila shida, akapiga kunijulia hali, akasema kurudi nyumbani si aibu.

Sitawadanganya, wiki za kwanza nilifurahia. Nilikunywa chai kwenye kiti changu bila kuombwa kitu na mtu.

Jumapili iliyopita Mama akatuma picha. Ni chumba cha uani, kile anachompangishia mwalimu, na kodi yake ndiyo inayomnunulia dawa za presha. Kimepakwa rangi upya. Kuna sofa mpya imebanwa kwenye kona, bado ina nailoni. Kitanda cha mwalimu kimesogezwa pembeni, kwa sababu keshapewa notisi. Chini Mama kaandika: chumba chako kiko tayari.

Nikapiga hapo hapo. Nikamweleza yote: kazi ipo, nimepandishwa cheo, vile vitu ni ghali kuliko vipya, ni fashion tu. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Sawa, mama," akasema. "Hata mimi, baba yako alipopunguzwa kazini niliwaambia majirani yuko likizo. Miezi minane. Wewe njoo tu, hakuna atakayekuuliza."

Nililia, wakuu. Habari ile ya baba sikuwahi kuijua. Na nilijua hapo hapo kwamba hakuna neno la kumtoa Mama kwenye hilo.

Nilichojifunza: mzazi hana shida na taste yako. Anataka kuona kile alichokuombea, na alikuombea kitu kipya.

Mwalimu anahama mwisho wa mwezi, kwa hiyo nina wiki mbili. Kesho naenda kununua seti nzima ya sofa, ile inayong'aa yenye vifungo, na meza ya kioo, nipige picha nimtumie. Zulia la wafugaji litalala chini ya kitanda.

Mliopitia haya mseme. Na wenye mama wa rika lake mnisaidie: maroon au cream?