Goti la Mama Mkwe na Taa Nyekundu

Nakumbuka vizuri, mwanangu Masika, asubuhi niliyomuunguza mama mkwe wangu. Usicheke bado. Kesho unaenda Beni kuanza kazi ya kine, kunyoosha viungo vya watu na kuvipasha joto, na ndani ya sanduku lako umeweka taa nyekundu mpya kuliko yangu. Kabla hujalifunga, keti kidogo.

Nilikuwa kijana, nimemwoa mama yako mwaka mmoja tu. Nyanya yako, mama wa mama yako, alikuja kwetu Mususa akichechemea. Maisha yake yote alibeba vikapu vya maharagwe kwa kamba ya kichwani, akipanda na kushuka milima ya Lubero, na goti la kushoto lilikuwa limechoka. Zilibaki wiki tatu kabla ya harusi ya kitinda mimba wake huko Beni. Alitaka jambo moja tu: aingie kanisani kwa miguu yake, asibebwe.

Mimi nilikuwa msaidizi wa mzee Kasereka, fundi wa kine. Akaniazima taa yake nyekundu ya joto, ile ya infrarouge, akanionya: iwe mbali na ngozi kiasi cha mkono mmoja, robo saa basi, na kila mara uangalie ngozi. Joto lake hulegeza misuli na kupunguza maumivu, alisema, lakini si uchawi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, methali hiyo unaijua. Ubaya ni kwamba guu lenyewe halikuwa langu.

Kwetu, mwanangu, mkwe hatazami goti la mama mkwe. Basi nikawa nawasha taa, groupe, jenereta ya seremala jirani, ikinguruma, kisha nageuza uso ukutani. Siku ya nne nikajiambia: ikiwa joto kidogo linasaidia, joto jingi litamponya kabla ya harusi. Nikaisogeza taa kwa kupapasa, bila kuona nimeifikisha wapi. Robo saa ikapita, nikaiacha iwake.

"Mama, inaunguza?"

"Hapana, baba. Iko muzuri tu."

Angesema nini? Mama mkwe halalamiki mbele ya mwanaume aliyempa binti yake. Mama yako ndiye aliyeingia na chai, akapiga kelele. Nyanya yako alikuwa ameuma pindo la kitenge, na goti lilikuwa limeanza malengelenge.

Jirani alikuja mbio na mafuta ya mawese. Mzee Kasereka alipofika aliyakataa, akalimwagia goti maji ya baridi kwa muda mrefu, akafunika kwa kitambaa safi. Kisha akaniita nje.

"Weye, ulikuwa unaangalia wapi?"

"Ku ukuta, papa. Juu ya kuona haya."

"Ukuta iko na goti? Si ungeita muke yako aangalie? Haya ni yako, lakini mwenye kuungua ni mama!"

Nililia, mwanangu, mtu mzima na ndevu zangu. Niliogopa nimemnyima ile harusi. Na mle ndani mama yako naye alikuwa akimkemea mama yake kwa kunyamaza, maana mficha maradhi kilio humfichua. Heshima mbili, yangu na yake, zilikuwa zimeunguza goti moja.

Kidonda kikapona polepole. Siku za mwisho tukaanza upya: mama yako akaangalia ngozi, mimi nikashika saa nyuma ya pazia. Nilimwomba mama mkwe apige fimbo yake chini joto likizidi. Loo, aliipiga! Mara nyingine aliipiga kabla sijawasha taa, anitanie tu. Nilimpenda sana mama yule.

Siku ya harusi tulifika kanisani, katika mtaa wa Ruwenzori huko Beni, tukakuta ngazi. Akasimama. Sikuweza kumshika mkono, naye hakuweza kuniomba. Ndipo akanyoosha fimbo yake. Nikashika ncha ya pili, tukapanda ngazi moja moja. Kule juu akasema, akitazama pembeni:

"Leo uliangalia muzuri, baba."

Basi, mwanangu, huko Beni watakuja wazee watakaokuambia "iko muzuri" nao wanaungua. Wengine ni kwa haya. Wengine ngozi imekufa ganzi kwa ugonjwa wa sukari, na hao usiwawashie taa mpaka daktari aseme. Pima joto kwa mkono wako mwenyewe kwanza. Angalia ngozi, na kama adabu inakuzuia, tafuta mtu mwenye ruhusa aangalie. Usimuulize mgonjwa swali ambalo adabu imekwisha kumjibia. Mpe kitu cha kupiga chini. Mpe heshima, lakini usimpe kisogo.

Nenda salama. Mungu akupe mikono yenye joto la kadiri, na macho yasiyogeukia ukuta. Wagonjwa wako waingie kwako wakichechemea na watoke wakikutania.

Na hii hapa fimbo ya nyanya yako. Ifunge pamoja na taa.