Mirija Mibichi ya Mpapai

Mimi wa kushtuka? Nilifika Nairobi na viatu vya kuazima, shule niliachia darasa la tano, na leo nina nyumba yangu Donholm na vibanda vya juisi kule Kware. Nimeona kanjo, askari wa jiji, wakibeba blenda yangu, embe bado zimo ndani. Nimeona mafuriko yakiingia kibandani na mteja akaendelea kunywa. Kwa hivyo binti yangu aliponiambia wakwe wanakuja kuleta mbuzi wa mahari, nilimwambia atulie, hakuna kitu duniani cha kunishangaza.

"Jambo moja tu, baba," akasema. "Usiweke mirija ya plastiki. Mama ya mchumba wangu hapendi kabisa."

"Hapendi mrija?"

"Plastiki, baba. Anasema inaishia mtoni na kwa tumbo za ng'ombe. Aki usiniangushe."

Nilishtuka, lakini kidogo. Mteja wangu wa Kware ukimpa juisi bila mrija anakuangalia kama umempa maji ya kunawa. Nikiwa kijana, soda ilikuja na mrija wa karatasi yenye nta, ukizubaa unalegea mdomoni kama tambi. Plastiki ilipokuja tulishangilia, na mimi ndiyo imenijengea nyumba. Sasa mwanamke ambaye sijawahi kumwona anaikataa ndani ya nyumba hiyo hiyo!

Nikakumbuka utoto wetu Ukambani. Tulinywea maji na uji kwa vikonyo vya majani ya mpapai, vile virefu vyenye tundu katikati. Na nyuma ya nyumba yangu kuna mipapai inayozaa vizuri. Asubuhi ya siku yenyewe nikashika kisu, nikachagua vikonyo vilivyonona, vya kijani kinachong'aa, nikaviosha, nikavisimamisha mezani kwenye jagi kama maua. Bure kabisa!

"Una hakika?" mke wangu akauliza.

"Mama, juisi ni kazi yangu."

Wageni walichelewa. Siku kama hiyo, upande unaokosea hutozwa faini, na mtaani mwetu mtozaji sugu ni mimi. Niliwasimamisha getini mpaka wakatoa pesa ya mbuzi mmoja zaidi. Msemaji wao, mzee Mkikuyu wa kofia na suti, alilipa akicheka.

"Sawa, mkwe. Na hiyo sheria yako ni ya wote?"

"Ya wote!" nikajibu, majirani wasikie.

Juisi ikagawanywa, mirija ikasifiwa. Ndipo mama wa kijana akafungua mkoba, akatoa kifuko cha kitambaa, na ndani yake mrija wa chuma na kibrashi chembamba cha kuusafisha. Nilikodoa macho.

"Mama, wangu haukufai?"

"Ni mzuri, baba. Ila huu nimeuzoea. Nanywa, naosha, narudisha mkobani."

Mtu anatembea na mrija kama mswaki! Nikawakonyeza watu wangu.

Msemaji akasimama kueleza kilichowaleta. "Sisi tumeona ua katika boma hili…" Akagusa mdomo. Akajipangusa kwa leso, akaanza tena, akashindwa. Shangazi wa kijana naye akawa anajikuna midomo. Kufumba na kufumbua, sebule nzima inajikuna, na mdomo wa mzee wa watu umefura kama andazi.

"Tumewekewa nini?" mtu akauliza.

Neno hilo la kuwekewa sumu likishatamkwa kwa wakwe, hakuna harusi tena. Wanaume wakaanza kuchukua makoti yao. Binti yangu alikuwa mlangoni mwa jikoni, mikono kichwani, ananitazama mimi, si wao.

Mke wangu akachukua mrija mmoja, akauvunja katikati. Utomvu mweupe ukatiririka kwenye vidole vyake.

"Ulikata vibichi?"

"Vilipendeza…"

"Tulikuwa tunaokota vilivyoanguka vyenyewe vikakauka! Nani alinywea kibichi?"

Kweli. Nani angemruhusu mtoto kukata majani ya mpapai unaozaa? Hatukuwahi kukata hata kimoja.

Nikachukua glasi yangu, nikachomeka mrija mbichi, nikanywa mbele yao mpaka tone la mwisho. Nikangoja. Midomo ikawaka moto, machozi yakanitoka.

"Nimejiwekea na mimi," nikasema, ila ulimi ulikuwa mzito, ikatoka kama kilio cha mbuzi.

Shangazi ndiye aliyecheka kwanza. Kisha wote. Makoti yakarudi kwenye viti.

"Mkwe," msemaji akasema kwa mdomo wake wa andazi, "sheria ni ya nani?"

"Ya wote."

"Basi mbuzi!"

Baba wa bibi harusi kutozwa faini sebuleni kwake! Hilo sijaliona popote, na nimekaa vikao vingi.

"Mbuzi mwacheni," mama wa kijana akaingilia. "Atanunua mrija kama wangu kwa kila mdomo uliowasha. Na wake pia."

Kutoka jikoni nikasikia binti yangu akipiga kigelegele.

Jumatatu nikaenda dukani. Muuzaji alipotaja bei nilidhani ni ya boksi, kumbe ni ya mmoja. Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikahesabu midomo yote kichwani, wangu wa mwisho, nikatoa shilingi elfu nne, mia tatu na ishirini.